Nini Kingetokea Bila Tiba? Hoja Kuhusu Tiba Mbadala za Maumivu ya Mgongo kwa Mbwa

Mbwa aina ya Dachshund akipooza miguu ya nyuma jioni, akapelekwa kwa mtaalamu wa akupancha, na baada ya majuma matatu akasimama tena, mwenye mbwa huyo ana kila sababu ya kushukuru. Lakini kushukuru ni jambo moja, na kujua kilichomponya mbwa ni jambo jingine. Wengi wa mbwa hao husimama hata bila sindano. Makala hii inatetea hoja moja: akupancha, leza, kukanda, mazoezi ya majini na kunyoosha pingili zisikataliwe kwa sababu zimetoka nje ya tiba iliyozoeleka hospitalini, wala zisisifiwe kwa sababu hiyo. Zipimwe kwa maswali mawili. La kwanza, nini kingempata mnyama huyu kama asingetibiwa hivyo? La pili, saa na siku zinazotumika kwenye tiba hiyo zinamkosesha nini? Swali la pili ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo linalowagharimu mbwa miguu yao.

Mgongo wa mbwa huuma kwa sababu nyingi: maambukizi ya diski, saratani, pingili kuvunjika, viungo kuchakaa. Nitashughulika hasa na ugonjwa wa diski, kwa kuwa ndio unaowapeleka mbwa wengi kwa watoa tiba mbadala na ndio uliofanyiwa utafiti zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mswidi Hans-Jörgen Hansen alibainisha kwamba diski za mbwa huharibika kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, kiini laini cha diski hukauka na kujaa chokaa mbwa angali kijana, kisha siku moja diski hupasuka na kiini kumwagika kwa kishindo ndani ya mfereji wa ugwe wa mgongo. Katika ya pili, diski ya mbwa mkubwa aliyezeeka huvimba taratibu na kuusukuma ugwe kwa miezi au miaka. Dachshund ni mateka wa njia ya kwanza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba mbwa wa namna hiyo hubeba nakala ya ziada ya jeni la FGF4 kwenye kromosomu ya 12. Nakala hiyo huchangia kufupisha miguu, na ndiyo hiyo hiyo inayozizeesha diski kabla ya wakati. Binadamu alipochagua umbo hilo kizazi baada ya kizazi, alichagua na maumivu yake.

Mpasuko hutokea mara nyingi pale pingili za mwisho za kifua zinapokutana na za mwanzo za kiuno. Sehemu kubwa ya kifua huponea kwa sababu ukano unaounganisha vichwa vya mbavu za kulia na kushoto hupita kati ya diski na mfereji wa ugwe, ukazuia kiini kisimwagikie humo. Nyuma ya pingili ya kumi au ya kumi na moja kinga hiyo haipo, na kuanzia hapo mgongo hupindika kwa wingi kila mbwa anaporuka.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Mbwa mwenye maumivu tu, au mwenye udhaifu lakini bado anatembea, akifungiwa kwenye kizimba kidogo na kupewa dawa za maumivu, ana nafasi ya karibu asilimia 80 ya kupona bila kisu. Aliyepooza kabisa lakini bado anahisi maumivu vidoleni ana nafasi ya asilimia 60 hivi. Aliyepoteza hata hisia hiyo, nafasi yake hushuka hadi karibu asilimia 20. Upasuaji huzipandisha nafasi za makundi mawili ya kwanza kupita asilimia 90, na za kundi la mwisho kufikia asilimia 60 hivi. Kila tiba inayodai kuponya mgongo ni lazima ilinganishwe na takwimu hizi. Mtoa tiba anayesema wagonjwa wake wanane kati ya kumi walitembea tena, kama wote walikuja wakitembea, hajaonyesha chochote ambacho kizimba kisingekifanya.

Tatizo linazidi kwa sababu mbwa hasemi, na anayesema kwa niaba yake anampenda. Mwaka 2012 Michael Conzemius na Richard Evans walichapisha uchunguzi wa mbwa 58 wenye kuchechemea kwa sababu ya viungo vilivyochakaa. Wote walikuwa wamepewa dawa bandia isiyo na kitu ndani yake, na mwendo wao ulipimwa kwa mashine inayosoma uzito wa kila mguu unapokanyaga. Wenye mbwa waliona nafuu ambayo mashine haikuiona katika karibu asilimia 40 ya tathmini zao. Madaktari wa mifugo, waliosomea kazi hiyo, walikosea kwa asilimia 45 hivi walipomtazama mbwa akitembea. Nimekutana na wenzangu wanaoyasoma matokeo haya kama matusi. Mimi nayaona kuwa onyo kwa kila mmoja wetu: jicho lenye matumaini si kipimo. Tena watu hutafuta msaada siku ambayo maumivu yamefika kileleni, na baada ya kilele hufuata mteremko, iwe kuna tiba au hakuna.

Kwa mizani hiyo, akupancha inastahili heshima kuliko wanavyoipa wanaoibeza. Kisayansi si jambo la kushangaza kwamba sindano iliyochomwa kwenye misuli, hasa ikiunganishwa na mkondo mdogo wa umeme, inapunguza maumivu: huamsha neva zinazozuia ishara za maumivu ndani ya ugwe, na huufanya mwili utoe vituliza maumivu vyake wenyewe. Huko Brazil, Hayashi na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti wa mbwa 50 wenye ugonjwa wa diski. Wote walipewa tiba ya kawaida, na sehemu yao wakaongezewa akupancha ya umeme. Kati ya waliokuwa na udhaifu mkubwa, walioongezewa sindano walirudi kutembea baada ya wastani wa siku 10, na wenzao baada ya siku 21 hivi. Hapo sindano iliongezwa juu ya tiba ya kawaida, haikuiondoa, na matokeo yake ni ya kutia moyo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2010, Joaquim na wenzake, nao wa Brazil, walitoa matokeo yanayonukuliwa kila mahali na watetezi wa akupancha. Kati ya mbwa 19 waliopewa akupancha ya umeme, 15 walifanikiwa, ilhali kati ya 10 waliopasuliwa bila sindano walifanikiwa 4 tu. Je, sindano imekishinda kisu? Msomaji makini atatazama ni mbwa gani walioingizwa. Walikuwa mbwa waliokaa na upungufu mkubwa wa neva kwa zaidi ya saa 48, yaani wale ambao wakati bora wa upasuaji ulikuwa umeshapita. Kundi la kisu lilikuwa dogo, na matokeo yake ni ya chini mno kuliko yanayotarajiwa kwa mbwa wanaopasuliwa mapema. Ninachokichukua kutoka utafiti huo ni kwamba mbwa aliyechelewa asikatiwe tamaa, na kwamba akupancha ni njia ya kweli kwake. Hauruhusu kabisa kumchelewesha mbwa ambaye bado yuko ndani ya muda. Kuutumia kwa kusudi hilo ni kuugeuza kinyume.

Leza ina historia fupi yenye mafunzo. Mwaka 2012 Draper na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida waliripoti kwamba mbwa waliopigwa mwanga wa leza baada ya upasuaji walitembea mapema zaidi kuliko ambao hawakupigwa, na kliniki nyingi zikanunua mashine. Mwaka 2017 Bennaim na wenzake walijaribu tena kwa mbwa 32 waliopasuliwa na hawakuona faida yoyote. Kwa sasa basi leza ni jambo lisiloamuliwa, na anayemtoza mteja kwa ajili yake anapaswa kumwambia hivyo kabla ya kupokea fedha.

Mazoezi ya viungo, pamoja na kutembea kwenye mkanda uliozamishwa majini, nilitarajia yangeshinda kwa urahisi. Akili inakubali: misuli isiyotumika hunyauka, na maji hubeba uzito wa mbwa dhaifu. Lakini katika jaribio la mwaka 2018 la Zidan na wenzake, ambapo mbwa 30 waligawanywa kwa bahati nasibu baada ya upasuaji na wapimaji hawakujua nani yuko kundi gani, mazoezi makali yalikuwa salama ila hayakuharakisha kupona. Ugwe uliobanwa kwa ghafla unaonekana kupona kwa ratiba yake. Haina maana kwamba mazoezi ni bure. Huzuia viungo kukakamaa na humfundisha mwenye mbwa namna ya kumbeba na kumkamua mkojo, kazi ambayo isipofanywa vizuri huleta maambukizi. Faida hizo ni kubwa, japo si zile zinazotangazwa.

Kunyoosha pingili kwa mikono ndiko ninakokupinga waziwazi. Diski inayokaribia kupasuka haionekani kwa kupapasa, na msukumo wa ghafla kwenye mgongo wake unaweza kuumalizia mpasuko. Mbwa wadogo kama Yorkshire Terrier na Chihuahua wamo pia katika hatari ya kuzaliwa na kiungo legevu kati ya pingili mbili za kwanza za shingo, na kuipinda shingo ya namna hiyo kunaweza kuua. Sijaona ushahidi unaolingana na hatari hiyo. Kukanda misuli polepole, bila kupinda wala kuvuta, ni jambo jingine: humtuliza mbwa, na mikono ya mwenyewe inatosha.

Hadi hapa nimezungumzia diski inayopasuka ghafla, ambapo saa zinakimbia. Mizani hubadilika kwa ugonjwa unaokwenda pole, na huu ndio unaotuhusu zaidi Afrika Mashariki, ambako German Shepherd na machotara wake wanalinda nyumba nyingi. Mbwa hawa huandamwa na kubanwa kwa neva pale pingili ya mwisho ya kiuno inapokutana na nyonga: huamka kwa shida, hukataa kurukia gari, hulia mkia unapoinuliwa. Hapa hakuna saa zinazokimbia. Kuna miaka ya kuishi na maumivu, na katika miaka hiyo akupancha, kupunguza uzito, matembezi mafupi ya kila siku na kukanda vina nafasi halali kando ya dawa. Mbwa hao hao hupatwa pia na kuoza kwa ugwe kunakohusishwa na jeni la SOD1, ugonjwa unaopoozesha taratibu bila maumivu. Katika uchunguzi wa Kathmann na wenzake wa mwaka 2006, mbwa 22 walioshukiwa kuwa nao waliishi wastani wa siku 255 walipofanyishwa mazoezi mengi, 130 kwa mazoezi ya wastani, na 55 bila mazoezi. Kundi ni dogo, lakini kwa ugonjwa usio na dawa, tofauti hiyo inatosha kumfanya mtu amwinue mbwa wake na kutembea naye.

Fedha nazo zina sauti. Nchini Marekani picha za MRI pamoja na upasuaji hugharimu maelfu ya dola, na kwa mbwa wengi wa kwetu hata mashine hiyo haifikiki. Anayechagua sindano kwa sababu hana namna nyingine hastahili kulaumiwa; anastahili kuambiwa ukweli wa nafasi alizonazo. Aambiwe pia kwamba ibuprofen na diclofenac za duka la dawa, ambazo watu humeza wenyewe kila siku, humtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Na aambiwe kwamba tiba yenye msingi kuliko zote haina gharama: mwongozo wa mwaka 2022 wa jopo la ACVIM, chuo cha Marekani cha madaktari bingwa wa wanyama, unataka mbwa asiyepasuliwa azuiliwe mahali padogo kwa majuma manne angalau, akitolewa kwa kamba kujisaidia tu. Akupancha inayomfanya mbwa ajihisi mzima, kisha akaachiwa kuruka sofa juma la pili, imemdhuru.

Kipimo kinachoamua yote haya hakihitaji umeme. Daktari hubana mfupa wa kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo, kwa nguvu. Mguu ukijivuta, hiyo bado si habari njema, kwa sababu neva zilizo nyuma ya jeraha huuvuta mguu hata ugwe ukiwa umekatika. Kinachotafutwa ni mbwa mwenyewe atambue: ageuze kichwa, alie, ajaribu kung'ata. Wapo hata mbwa ambao, miezi baada ya kupoteza hisia zote, hupiga hatua kwa mwitiko huo huo wa ugwe bila ubongo kuhusika, na tiba yoyote iliyokuwa ikitolewa wakati huo hujinyakulia sifa. Wanaofundisha tiba ya mifugo Morogoro, Kabete na Makerere nawaomba wahakikishe hakuna mwanafunzi anayehitimu bila kuufanya uchunguzi huu kwa mkono wake mwenyewe na kuandika matokeo pamoja na saa. Na wanaotoa akupancha, leza au kukanda nawaomba sharti moja: mbwa asiyeweza kusimama asiguswe na tiba hizo kabla daktari wa mifugo hajampima siku hiyo hiyo.