Wakala wa Mwandishi na Kitabu Pepe: Historia ya Mlango Uliohama

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya wakala wa mwandishi tangu London ya miaka ya 1870 hadi zama za kitabu pepe kinachochapishwa na mwandishi mwenyewe. Inadaiwa kwamba kitabu pepe hakikumwondoa wakala, bali kilibadili mahali anaposimama kati ya mwandishi na wasomaji. Nguvu ya mwandishi katika mapatano hutegemea haki alizobaki nazo. Mwishoni, hoja hiyo inahusishwa na fasihi ya Kiswahili.

1.0 Chimbuko la Wakala

Kazi ya wakala ilianza kujitokeza London katikati ya miaka ya 1870, A. P. Watt alipoanza kuwauzia waandishi kazi zao kwa wachapishaji na kujilipa kwa kamisheni ya asilimia 10. Miongoni mwa wateja wake wa baadaye walikuwa Rudyard Kipling na Arthur Conan Doyle. Wachapishaji hawakumpokea kwa furaha. William Heinemann alimwona wakala kuwa kimelea aliyejiingiza baina ya mwandishi na mchapishaji.

Kilichompa Watt riziki ni kugawanyika kwa haki. Hadithi moja iliweza kuuzwa kwanza kwa jarida, kisha kama kitabu nchini Uingereza, kisha kama toleo la makoloni. Mkataba wa Berne wa 1886, pamoja na sheria ya Marekani ya 1891 iliyoanza kuwalinda waandishi wa kigeni, viliongeza thamani ya haki za ng'ambo. Mwandishi aliyekaa na kalamu yake hakuwa na nafasi ya kuzifuatilia zote. Kwa hiyo, wakala alizaliwa kutokana na wingi wa haki.

Katika karne ya 20, jukumu la pili liliongezeka. Wachapishaji wakubwa wa London na New York walizidi kukataa miswada isiyoletwa na wakala. Wakala akawa bawabu, na kamisheni ya asilimia 15 ikawa ya kawaida.

2.0 Kitabu Pepe na Mlango Uliohama

Mwaka 2007 kampuni ya Amazon ilitoa kisomeo cha Kindle na kuwaruhusu waandishi kujichapishia. Mwaka 2010 ilianza kuwapa mrabaha wa asilimia 70 kwa vitabu vilivyouzwa kati ya dola 2.99 na 9.99, iwapo masharti yake yametimizwa. Bawabu alikuwa bado mlangoni, lakini ukuta ulikuwa umebomolewa.

Visa vitatu vinaonyesha matokeo yake. Amanda Hocking wa Minnesota, ambaye miswada yake ilikuwa imekataliwa mara nyingi, alianza kujichapishia vitabu pepe mwaka 2010. Machi 2011, akiwa na wakala na mauzo ya zaidi ya nakala milioni moja, aliuza mfululizo wa vitabu vinne kwa St. Martin's Press kwa zaidi ya dola milioni mbili. Andy Weir, ambaye hapo awali alitafuta wakala bila mafanikio, alitoa The Martian bure sura kwa sura katika tovuti yake, kisha akaiuza kwa senti 99 kwenye Kindle. Mwaka 2013, akiwakilishwa na wakala, aliingia mkataba na Crown.

Kisa cha Hugh Howey ndicho chenye uzito zaidi kihistoria. Baada ya Wool kupata wasomaji kuanzia 2011, wakala Kristin Nelson alimfuata yeye. Mwaka 2012 Simon & Schuster ilikubali kununua haki za kitabu cha karatasi pekee; za kitabu pepe zilibaki kwa Howey. Aliweza kukataa mapatano mengine kwa sababu tayari alikuwa na kipato na haki zake zote.

Hata hivyo, visa hivi havifai kufanywa kanuni. Kitabu pepe kilichouza nakala chache humfikia wakala kikiwa na ushahidi dhidi yake, na haki ya uchapishaji wa kwanza imekwisha kutumika. Ndiyo maana mwandishi wa namna hiyo mara nyingi hushauriwa kupeleka mswada mpya.

3.0 Fasihi ya Kiswahili: Kujichapishia bila Wakala

Afrika Mashariki ilijua kujichapishia kabla ya kitabu pepe. Huko Nairobi, David G. Maillu alichapisha vitabu vyake vya Kiingereza kupitia Comb Books katika miaka ya 1970, kisha mwaka 1980 Macmillan ikatoa The Equatorial Assignment. Nchini Tanzania, Ben R. Mtobwa aliendesha Heko Publishers na kutoa humo riwaya zake za Kiswahili.

Sababu moja ya kutoimarika kwa wakala hapa ni ya kihesabu. Soko limetegemea sana vitabu vya shule, na wachapishaji hupokea miswada moja kwa moja. Kwa mrabaha wa asilimia 10, kamisheni ya asilimia 15 ni sawa na asilimia 1.5 tu ya mauzo. Kwa nakala elfu chache, hakuna wakala atakayeishi.

Lakini hesabu hiyo inahusu kitabu cha karatasi peke yake. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Riwaya ya Kiswahili nayo ina haki za filamu, tafsiri, sauti na kitabu pepe, kila moja ikiweza kuuzwa peke yake.

4.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba wakala hufuata haki zilipo. Mwandishi wa Kiswahili anayejichapishia leo huenda asimpate wakala kesho, lakini anaweza kumwandalia nafasi kwa kutotia saini mkataba unaokabidhi haki zote kwa pamoja. Akizitoa zote kwa mkupuo, hata wakala hodari atakayekuja baadaye atakuta ghala tupu.