Ndoa halali ni ipi? Kanisa, bomani na sheria ya nchi

Wawili wamekaa pamoja miaka kumi, mahari imetolewa, watoto wapo, wazazi wa pande zote wanatambuana. Jumapili mmoja anainuka kwenda kukomunika, anaambiwa bado hana ndoa. Je, hawa ni mume na mke? Jibu linategemea unamuuliza nani.

Pugu ni mahali pazuri pa kuuliza swali hili. Wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni hapa mwaka 1888. Leo Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wasabato na Wapentekoste ni majirani, na wanaoana.

Wakatoliki wanasemaje?

Kwa Kanisa Katoliki, kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili wenyewe. Padri hawaozeshi, anapokea ridhaa yao kwa niaba ya Kanisa. Ndoa ya wawili waliobatizwa ni sakramenti.

Hata hivyo, Mkatoliki anatakiwa kutoa ridhaa hiyo mbele ya padri, shemasi au mwingine aliyepewa mamlaka, pamoja na mashahidi wawili. Utaratibu huu uliwekwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563. Kabla ya hapo watu waliahidiana kwa siri, kisha mmoja akakana, mwenzake akabaki hana ushahidi.

Kwa hiyo Mkatoliki aliyefunga ndoa bomani tu, au kwa mchungaji bila ruhusa ya askofu, Kanisa lake halimhesabu kuwa ameoa au ameolewa. Lakini Walutheri wawili waliofunga ndoa kanisani kwao, Kanisa Katoliki linaitambua ndoa yao.

Na Waprotestanti?

Martin Luther alifundisha kuwa ndoa imewekwa na Mungu, ila si sakramenti, na utaratibu wake ni jambo la serikali. Ndiyo maana wachungaji wengi wa Kiprotestanti huona ndoa ya bomani kuwa ndoa kamili inayohitaji kubarikiwa. Wengine husisitiza ibada kanisani, na wanaoishi pamoja bila ndoa huweza kuzuiwa Meza ya Bwana.

Tofauti kubwa iko kwenye talaka. Baadhi ya makanisa ya Kiprotestanti hukubali talaka kwa sababu kama uzinzi. Kwa Wakatoliki, talaka ya mahakama haivunji ndoa ya sakramenti. Kinachowezekana ni mahakama ya Kanisa kuchunguza na kutamka kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, kwa mfano kama mmoja alilazimishwa.

Sheria ya nchi je?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kidini, ya kiserikali na ya kimila. Taarifa ya kusudio la kufunga ndoa hutolewa angalau siku 21 kabla. Mchungaji, padri au shehe anayefungisha ndoa anatakiwa kuwa na leseni. Kutomaliza mahari hakubatilishi ndoa. Na ndoa ya Wakristo iliyofungwa kanisani haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi, maadamu wote wawili wanabaki Wakristo.

Kwa walioishi pamoja, kifungu cha 160 kinasema hivi: wakikaa miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke, mahakama itachukulia kuwa wameoana. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa mfano mwanamume akiwa tayari amefungwa na ndoa ya mke mmoja. Hapo ndipo wajane wengi hukwama: ndugu wa marehemu wanadai hakuwa mke, naye hana cheti.

Ufanye nini?

Kama ndoa yako ni ya kimila, isajilishe. Kama ni ya kanisani, hakikisha umepewa cheti cha serikali na ukitunze. Mkatoliki unayeishi na mwenzako bila ndoa ya Kanisa, mwone paroko. Mara nyingi ndoa huweza kuhalalishwa kwa ibada fupi, bila sherehe wala gharama za ukumbi. Mnaotoka madhehebu tofauti, wahusisheni viongozi wa pande zote mbili kabla ya kupanga tarehe.

Mkitaka kuachana kisheria, mnaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, kisha mahakamani. Barua ya mchungaji au ya ukoo haivunji ndoa, kama vile hati ya mahakama isivyomrudisha Mkatoliki kwenye komunyo akioa tena.