Wakili wa Moshi na Mlango wa Malalamiko

Mtaje Kirilo Japhet mbele ya wazee wa Meru, watakusimulia mpaka kahawa ipoe. Mtaje Earle Seaton, wengi watakuuliza ni nani huyo. Juma hili, ndugu msikilizaji, nataka kumzungumzia huyu wa pili, kwani safari yake kutoka ofisi ya uwakili mjini Moshi hadi kiti cha ujaji inagusa jambo ambalo Watanzania hatupendi kulisema kwa sauti.

Seaton alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa Bermuda mwaka 1924, kisiwa cha Waingereza katika bahari ya Atlantiki. Alisoma Marekani, akasomea sheria London, na mwishoni mwa miaka ya 1940 akaja Tanganyika na kufungua ofisi Moshi. Wakati huo karibu mawakili wote nchini walikuwa Wazungu na Wahindi. Moshi ulikuwa mji wa kahawa, wenye chama cha ushirika cha KNCU tangu mwaka 1933, na ulikuwa pia mji wa ugomvi wa ardhi, maana chini ya vihamba vya Wachagga yalitanda mashamba ya walowezi.

Mwaka 1946 Tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ardhi ya Moshi na Arusha ipangwe upya. Ukanda wa Sanya, ulioko kati ya Kilimanjaro na Meru, ulikusudiwa uwe wa Wazungu watupu. Wameru wa Engare Nanyuki walikuwa ndani ya mpango huo. Novemba 1951 askari walifika, nyumba zikachomwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa. Serikali iliwatengea Kingori.

Wangeshtaki wapi? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana, kwa hiyo kwenda mahakamani ilikuwa kumshtaki Gavana kwa sheria ya Gavana mwenyewe. Hapo ndipo ulipoonekana uwakili wa Seaton. Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya, bali nchi ya udhamini, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 87, uliruhusu malalamiko ya wananchi yapokelewe na Baraza la Udhamini. Wameru wakachanga fedha, na Wachagga akina Petro Njau wakawaunga mkono. Mwaka 1952 Seaton alitangulia New York kulihutubia Baraza hilo, na baadaye mwaka huohuo Kirilo akazungumza mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo. Mwalimu Nyerere alikwenda mwaka 1955.

Kura hazikutosha. Kamati iliwakubalia Wameru, lakini katika Baraza Kuu theluthi mbili hazikupatikana, na ardhi haikurudi mwaka ule. Hata hivyo, Mwingereza alilazimika kusimama mbele ya mataifa na kueleza kwa nini alichoma nyumba za watu.

Tarehe 9 Desemba 1961 udhamini ulikwisha, na mlango wa kifungu cha 87 ukafungwa pamoja nao. Ulifunguliwa upi badala yake? Katiba ya uhuru haikuwa na sura ya haki za binadamu. Viongozi walihofu kwamba majaji, ambao wengi wao walikuwa Waingereza, wangeitumia kuifunga mikono serikali changa. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini mwaka 1962 ikaja sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka, na Katiba ya mwaka 1965 ikazitaja haki katika utangulizi tu. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966, ilipokea malalamiko, ila taarifa zake zilikwenda kwa Rais.

Katika hali hiyo Seaton aliteuliwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Hebu fikiri, msikilizaji. Aliyewapeleka Wameru New York sasa ameketi juu, na mwananchi akimjia kulalamika kwamba haki yake ya msingi imevunjwa, Katiba haimpi Jaji hata kifungu kimoja cha kushika. Wapo watakaosema ninaifananisha Serikali yetu na mkoloni. Ninachofananisha ni milango, wenye nyumba wao wana hesabu zao.

Baadaye alikuwa jaji kwao Bermuda, kisha Jaji Mkuu wa Shelisheli. Huko, mwaka 1982, aliwahukumu kifo mamluki wanne waliojaribu kuipindua serikali mwezi Novemba 1981. Walisamehewa mwaka uliofuata. Alimalizia ujaji wake katika Mahakama ya Juu ya Uganda.

Sisi tuliziingiza haki katika Katiba mwaka 1984, na Serikali ikajipa miaka mitatu ya kujitayarisha, hata mashauri yakaanza kufunguliwa mwaka 1988. Katiba inayo Mahakama Maalum ya Katiba, lakini hiyo ni ya mvutano kati ya Serikali ya Muungano na ile ya Zanzibar. Mimi na wewe tunakwenda Mahakama Kuu, mbele ya majaji watatu, kwa sheria ya mwaka 1994.

Mwaka 2020 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria hiyo, yaliyomtaka mlalamikaji aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Kwa kipimo hicho, Mchagga aliyetaka kuwasemea Wameru wa Engare Nanyuki angetakiwa kwanza aeleze nyumba yake mwenyewe ilichomwa lini.