Safu ya Lugha: Utume si safari

Siku hizi makanisani husikika: “Vijana wameenda misheni,” yaani wamepanda basi kwenda kuhubiri mkoani. Asili ya neno hilo ni neno la Kilatini lenye maana ya kutuma. Kwetu likawa jina la mahali, kama misheni ya Bagamoyo iliyoanzishwa 1868, yenye kanisa, shule na mashamba.

Tunalo neno pana zaidi: utume, kutokana na tuma. Uinjilisti ni kuitangaza Injili; ushuhuda ni kusema uliyoyaona; utume ni kuishi kama mtu aliyetumwa, popote ulipo. Muuza nyanya asiyeficha zilizooza chini ya fungu, na muuguzi anayempokea kwa upole mgonjwa wa usiku wa manane, wote wamo utumeni. Tusiwanyime neno lao.