Zambia, Vita vya Kongo na Ufuo wa Mweru

Agosti 1998 Zimbabwe, Angola na Namibia zilipeleka majeshi Kongo kumwokoa Laurent Kabila. Zambia haikupeleka. Rais Frederick Chiluba alichagua usuluhishi, na mkataba wa kusitisha mapigano ukatiwa saini Lusaka tarehe 10 Julai 1999. Wengi humsifu kwa hilo. Nami namsifu, kwani askari wa Zambia wangeigeuza Nchelenge kuwa uwanja wa vita. Lawama yangu ni kwa waliotia saini. Rwanda ilikuwa mojawapo, na miezi 17 baadaye, Disemba 2000, jeshi lake pamoja na waasi wa RCD waliuteka mji wa Pweto, kaskazini mwa ziwa. Kabila naye hakuwa na mikono safi: Oktoba majeshi yake yalikuwa yameshambulia Pepa. Maelfu ya raia walikimbilia Zambia, na askari wa serikali walioshindwa wakavuka nao. (Mpaka wenyewe ni kazi ya Waingereza na Wabelgiji, Walunda wa Mwata Kazembe wana ndugu ng'ambo zote mbili za Luapula.) Mwaka 2017 mapigano mengine yaliwaleta tena wakimbizi Nchelenge, kwanza katika kituo cha Kenani, kisha, mapema 2018, katika makazi ya Mantapala.