"Kila" na "Kuna": Historia ya Maneno Mawili

Sisi tuliozoea kufundisha twajua ya kuwa sentensi nyepesi yaweza kubeba maana mbili. Mwingereza akisema kwa lugha yake kwamba kila mwanafunzi alisoma kitabu fulani, je, wote walisoma kilekile, au kila mmoja alisoma chake? Kwa karne nyingi wataalamu wa mantiki hawakuwa na maandishi ya kuzitenga maana hizo.

Aristotle wa Ugiriki aliwaachia waalimu miundo minne: kila A ni B, hakuna A aliye B, baadhi ya A ni B, baadhi ya A si B. Miundo hiyo ilitawala shule kwa zaidi ya miaka 2000. Lakini katika karne ya 19, Augustus De Morgan, mwalimu wa hesabu huko London, alionyesha upungufu wake kwa mfano wa namna hii: ikiwa kila farasi ni mnyama, basi kichwa cha farasi ni kichwa cha mnyama. Hata mtoto hukubali, ila miundo ile haithibitishi, kwa kuwa haina nafasi ya uhusiano wa kitu na kitu.

Mwaka 1879 Gottlob Frege, mwalimu wa hesabu huko Jena, Ujerumani, alitoa kitabu kidogo kilichofungua njia. Kwake, "kila farasi ni mnyama" husomwa hivi: kitu chochote, kikiwa farasi, basi ni mnyama. Na "baadhi ya farasi ni weupe" maana yake: kuna kitu ambacho ni farasi na tena ni cheupe. Huko Marekani, Charles Peirce alifikia jambo hilo kwa njia yake mwenyewe. Alama zinazotumika leo zilikuja baadaye: ∃ ya "kuna" kutoka kwa Giuseppe Peano wa Italia, na ∀ ya "kila" kutoka kwa Gerhard Gentzen, mwaka 1935.

Tangu hapo mpangilio ukaonekana wazi. "Kwa kila mtu kuna mama aliyemzaa" ni kweli. "Kuna mama aliyemzaa kila mtu" ni uongo. Maneno ni yaleyale, yamebadilishana nafasi tu.

Kanusho nalo lina nafasi yake. "Si kila mwanachama alitoa mchango" yatimia hata akikosa mmoja. "Kila mwanachama hakutoa mchango" yasema hakutoa hata mmoja. Katibu akiandika ya pili huku akikusudia ya kwanza, waliotoa wote wamehesabiwa pamoja na asiyetoa, na daftari litawashuhudia vibaya hata baada ya kikao kusahauliwa.

Basi, kabla hatujaandika neno juu ya wenzetu, tujiulize: "si" yetu imekaa mbele ya "kila", au nyuma yake?