Jina la Mchezo ni Mali ya Nani? Migogoro ya Alama za Biashara katika Michezo ya Simu, 2008 hadi 2024

Utangulizi

Mtu anayetengeneza mchezo wa simu hufanya kazi nyingi. Huchora, huandika programu, hutafuta sauti, hujaribu na kurekebisha. Mwishoni huupa mchezo wake jina, na mara nyingi hudhani kwamba hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Historia ya michezo ya simu inatufundisha vingine. Wapo watengenezaji ambao michezo yao ilikamilika, ikapendwa na ikanunuliwa, kisha ikaondolewa dukani kwa sababu ya neno moja tu lililoandikwa juu yake.

Insha hii inaeleza migogoro mitatu ya aina hiyo iliyowapata watengenezaji huru, yaani mtu mmoja au kikundi kidogo kisichokuwa chini ya kampuni kubwa. Hoja yake ni kwamba mara nyingi mtengenezaji mdogo hashindwi na sheria yenyewe, bali hushindwa na muda. Duka huweza kuuondoa mchezo kwa siku chache, ilhali mahakama huchukua miaka kuamua nani alikuwa na haki.

Maana ya alama ya biashara

Kabla ya kuingia katika historia, ni vizuri kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hakimiliki hulinda kazi yenyewe: picha, muziki, maandishi na programu ya mchezo. Jina la mchezo kwa kawaida halilindwi na hakimiliki. Linalindwa na alama ya biashara, ambayo shabaha yake ni kumkinga mnunuzi asichanganyikiwe, asije akanunua bidhaa ya fulani akidhani ni ya mwingine.

Neno la kawaida linaweza kuwa alama ya biashara likitumika kwa bidhaa isiyohusiana na maana yake. Muuza matunda hawezi kuwazuia wenzake wasiite tunda la tofaa kwa jina lake, lakini Apple, jina lenye maana hiyo hiyo ya tofaa, ni alama halali ya kampuni ya kompyuta na simu. Jambo la pili ni kwamba katika sheria ya Marekani, haki ya alama hutokana na kuitumia sokoni. Anayeomba usajili hutakiwa kutoa vielelezo kuonyesha kwamba jina hilo kweli limo kwenye bidhaa zinazouzwa. Kanuni hii ndiyo iliyoamua mgogoro wetu wa kwanza.

Mgogoro wa Edge

Apple ilifungua duka lake la programu, App Store, mwezi Julai 2008. Kwa mara ya kwanza, watu wawili au watatu waliweza kuuza mchezo wao karibu dunia nzima bila kutengeneza kasha wala kumtafuta msambazaji. Miongoni mwa walioiona nafasi hiyo ni Mobigame, kampuni ndogo ya Paris. Mwishoni mwa mwaka huo ilitoa mchezo uitwao Edge, neno la Kiingereza lenye maana ya ukingo au ncha. Mchezaji huubingirisha mchemraba juu ya njia za vigae, na akiwa hodari huweza kuuning'iniza kwenye ukingo bila kuuangusha. Jina, kwa hiyo, lilitokana na mchezo wenyewe.

Mwaka 2009 Tim Langdell alilalamika kwa Apple. Langdell hakuwa mgeni katika biashara hii. Miaka ya 1980, huko Uingereza, kampuni yake iliyoitwa The Edge ilikuwa imetoa michezo iliyojulikana, kama vile Fairlight wa mwaka 1985 na Bobby Bearing wa mwaka 1986. Baadaye alihamia Marekani, na alikuwa amesajili alama kadhaa zenye neno hilo. Alidai kwamba mtu yeyote anayelitumia katika michezo ya kompyuta anaingilia haki yake.

Apple haikuwa mahakama, wala haikuwa na kazi ya kupima ushahidi wa pande mbili. Mchezo uliondolewa. Ulirudi, ukaondolewa tena. Kwa kampuni kubwa yenye bidhaa nyingi hilo ni usumbufu. Kwa watu wachache wanaoishi kwa kutegemea mchezo mmoja, kila mwezi nje ya duka ni mwezi wa njaa, na sifa zilizokuwa zikiandikwa kuhusu mchezo huo hazikuwa na faida, kwa kuwa msomaji aliyevutiwa hakuwa na mahali pa kuununua.

Habari hizo zilienea miongoni mwa watengenezaji wenzao. Langdell alikuwa mjumbe wa bodi ya IGDA, chama cha kimataifa cha watengenezaji wa michezo, na wanachama wengi waliuliza iweje kiongozi wao awabane wadogo. Alijiuzulu katika bodi hiyo mwaka 2009. Hata hivyo, kelele za wanachama hazifuti alama iliyosajiliwa. Aliyeweza kuifuta ni yule aliyekuwa na mawakili na fedha.

Huyo alikuwa Electronic Arts, kampuni kubwa ya Marekani iliyotoa mchezo wa Mirror's Edge mwaka 2008. Nayo ilikuwa imedaiwa kwa ajili ya neno lile lile. Mwaka 2009 iliomba alama za Langdell zifutwe, na mwaka 2010 kampuni yake, Edge Games, iliishtaki mahakamani California, ikiomba zuio la muda dhidi ya mchezo huo. Tarehe 1 Oktoba 2010, Jaji William Alsup alikataa ombi hilo. Alieleza kwamba kulikuwa na ushahidi wa kutia shaka kubwa juu ya vielelezo vilivyopelekwa kwenye ofisi ya usajili, na juu ya madai kwamba alama hizo zilikuwa zikitumika sokoni. Muda mfupi baadaye shauri lilimalizika kwa makubaliano na amri kwamba alama husika zifutwe. Mwaka 2011, mahakama ya Uingereza nayo iliamua dhidi ya Langdell katika shauri lililofunguliwa na wachapishaji wa jarida la Edge, ikaona kwamba baadhi ya nyaraka zake hazikuwa za kweli. Kufutwa kwa alama za Marekani kulikamilika mwaka 2013.

Tukipanga tarehe hizi kwa mfululizo, jambo moja linajitokeza. Mchezo ulitoka dukani mara tu baada ya lalamiko. Uamuzi wa kwanza wa mahakama ulikuja zaidi ya mwaka mmoja baadaye, na haukuletwa na Mobigame bali na kampuni tajiri iliyokuwa na ugomvi wake yenyewe. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Safari hii, kwa bahati, nyasi zilipata nafuu tembo mmoja aliposhinda. Lakini haki inayotegemea bahati ya namna hiyo si haki ya kutegemewa.

Mgogoro wa pipi na masimulizi

Mgogoro wa pili ulimhusu mwenye nguvu mwingine, naye alikuwa na bidhaa halisi na wateja wengi. Kampuni ya King ilitoa Candy Crush Saga, na mwaka 2012 mchezo huo ulifika kwenye simu na kupata umaarufu mkubwa. King iliomba kusajili Marekani neno "candy", yaani pipi. Ilipinga pia ombi la usajili wa jina The Banner Saga, mchezo wa Stoic, kampuni iliyoanzishwa na watu watatu na kuchangiwa fedha na wapenzi wa michezo. Neno "saga" ni la kale. Kwa asili ni masimulizi marefu ya mashujaa wa Kaskazini mwa Ulaya, na mchezo wa Stoic ulihusu mashujaa wa namna hiyo hasa. Hakuna mnunuzi ambaye angedhani kwamba wapiganaji hao wa theluji ni ndugu wa pipi za rangi.

Mambo hayo yalipojulikana mwezi Januari 2014, watengenezaji huru walijibu kwa njia yao. Walitangaza mashindano ya kutunga michezo mifupi yenye maneno "candy" na "saga" kwa makusudi. Wakati huo huo Albert Ransom, mtengenezaji wa CandySwipe uliotoka mwaka 2010, yaani kabla ya Candy Crush Saga, alieleza hadharani jinsi alivyokuwa akishindana na King. Yeye alipinga usajili wa jina lao. King nayo ilinunua haki za jina la zamani zaidi, Candy Crusher, na kulitumia kuishambulia alama yake. Hapa tunaona kwamba hata kutangulia sokoni hakutoshi, ikiwa mshindani wako anaweza kwenda kununua utangulizi wa mtu mwingine.

Ni haki pia kuusikiliza upande wa King. Maduka ya programu yalijaa michezo ya kuiga, yenye majina yaliyokaribiana na yale maarufu ili kumpotosha mnunuzi. Kampuni hiyo ilisema kwamba haikukusudia kuizuia Stoic kutumia jina lake, bali ilihofia kwamba ikinyamaza, waigaji halisi wangeutumia ukimya huo dhidi yake. Hofu hiyo ina msingi katika sheria. Lakini matokeo yake ni kwamba kampuni kubwa hupinga kwanza na kufikiri baadaye, na gharama ya kujibu humwangukia mdogo. Mwezi Februari 2014 King iliacha ombi lake la "candy" nchini Marekani, na mwezi Aprili ilipatana na Stoic pamoja na Ransom. Mgogoro huu uliisha bila hukumu.

Ndege aliyepotezwa na ukimya

Mgogoro wa tatu unaonyesha upande mwingine wa sheria hiyo. Dong Nguyen, kijana wa Hanoi nchini Vietnam, alitengeneza Flappy Bird peke yake mwaka 2013. Mwanzoni mwa 2014 ndio uliokuwa mchezo uliopakuliwa sana, na mwezi Februari mwaka huo huo aliuondoa kwa hiari yake, kwa kuwa umaarufu wake ulimchosha. Alifikiri, labda, kwamba kitu alichokifunga mwenyewe kitabaki kimefungwa.

Lakini alama ya biashara huishi kwa kutumiwa. Kampuni ya Gametech Holdings ilililenga jina hilo kwa hoja kwamba limeachwa. Nguyen hakujibu, na mapema mwaka 2024 alipoteza haki ya jina hilo Marekani. Mwezi Septemba kikundi kilichojiita Flappy Bird Foundation kilitangaza kuurudisha mchezo. Nguyen alitoka kimyani akasema kwamba hahusiki na mchezo huo na hakuuza chochote. Maneno yake yaliwagusa wengi, lakini hayakubadilisha daftari la usajili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hii haikupata kuwa kweli kuliko hapa.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya kuifuatilia historia hii. Disney iliomba kusajili maneno "Hakuna Matata" Marekani mwaka 1994 kwa ajili ya mavazi, na yakasajiliwa mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018 watu zaidi ya laki moja walitia saini ombi la kupinga usajili huo. Usajili haumzuii mtu yeyote kutamka maneno hayo, wala haufiki nje ya nchi uliposajiliwa. Hata hivyo, ulionyesha kwamba maneno yetu ya kila siku yanaweza kuandikwa katika daftari la mbali bila sisi kujua. Kijana wa Kampala, Kigali au Bujumbura anayetaka kuuza mchezo wenye jina la Kiswahili kupitia duka la Marekani, anaingia katika daftari hilo hilo.

Hitimisho

Migogoro hii mitatu ilitofautiana. Katika wa kwanza mdai aliishia bila alama, katika wa pili wenye ugomvi walipatana, na katika wa tatu mtengenezaji alinyamaza akapoteza. Jambo la pamoja ni kwamba mtengenezaji huru alikabili mfumo uliojengwa kwa ajili ya wenye mawakili na wenye subira ya miaka. Sheria ya alama za biashara ina lengo jema la kumlinda mnunuzi. Kasoro iko katika nafasi kati ya lalamiko na hukumu, mahali ambapo duka huamua bila kusikiliza pande zote.

Tiba ya kwanza, basi, ingekuwa kuyataka maduka yaupe mchezo muda wa kujitetea kabla ya kuuondoa, hasa pale jina linapokuwa neno la kamusi. Mpaka hapo mtengenezaji mdogo ana kinga chache: kutafuta katika madaftari ya usajili kabla ya kuchagua jina, kuweka kumbukumbu za tarehe na mauzo, na kutopuuza barua yoyote inayohusu jina lake. Hizo ni kazi za kuchosha kwa mtu anayependa kubuni. Lakini Mobigame, Ransom na Nguyen, kila mmoja kwa njia yake, walijifunza kwamba jina nalo huhitaji mlinzi.